Gari la paa la kukunja lililongoja hadi ustaafu: namna ya kulifufua bila kuishia na masanduku ya vyuma

Gari langu lilikaa chini ya turubai miaka 19. Kila mwaka nilijiahidi kuwa likizo ijayo nitaanza, na kila likizo ikapata kazi yake nyingine. Nilipostaafu sikusubiri hata wiki. Niliingia gereji na sanduku la spana, na kufikia Jumapili nilikuwa nimeng'oa viti, milango, bampa, dashibodi na nusu ya injini. Nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimeligeuza gari kuwa marundo ya vyuma. Miezi minane ilipita kabla sijarudi pale nilipokuwa siku ya kwanza, safari hii nikiwa na kopo zima la bolti nisizojua zimetoka wapi.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja linaloyabeba mengine yote: gari lisimame juu ya matairi yake kadiri inavyowezekana, na ufungue mfumo mmoja tu kwa wakati. Breki zikikamilika ndipo uguse injini. Injini ikitulia ndipo uguse umeme. Gari unaloweza kulisukuma, kuliwasha na kulizungusha uani, hata likiwa na sura ya kutisha, hukupa hamu ya kuamka kesho yake. Lililo ndani ya masanduku linakusubiri ulionee haya.

Mifano mingi naitoa kwenye MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono. Liliundwa kuanzia 1962 hadi 1980, likatoka kwa zaidi ya magari laki tano ukijumlisha na yale ya paa la chuma, na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa. Lakini mpangilio wa kazi utakufaa hata kama lako ni Triumph Spitfire, Alfa Romeo Spider au Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokatwa paa.

Hatua ya 1: karatasi, na mgongo wako

Tafuta nambari ya chasisi kwenye gari lenyewe, uilinganishe na hati. Kama kibati chake kimeoza au hakipo, maliza jambo hilo na mamlaka ya usajili kabla hujashika spana. Uliza hapohapo ni mabadiliko gani yanahitaji ukaguzi. Kubadili injini, breki au kukata bodi mara nyingi huangukia humo. Bima ya moto na wizi ikate hata kama gari halitembei.

Kisha mwili wako. Magoti ya miaka sitini na kitu hayapendi sakafu ya saruji. Mimi nilinunua kigoda chenye magurudumu na mkeka mnene wa mpira kabla ya kununua kipuri hata kimoja, na sijajutia. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, muulize daktari wako kabla hujakaribia mashine ya kuchomelea au kuinamia injini inayounguruma. Nguvu za sumaku na umeme za vitu hivyo zinaweza kukivuruga. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Usiingie chini mpaka gari limepumzika juu ya stendi za chuma na umelitikisa kwa nguvu ukiwa nje. Matofali hupasuka bila kuaga.

Jiwekee saa mbili au tatu kwa siku, na dakika ishirini za mwisho ziwe za kufagia na kurudisha spana mahali pake. Kila kinachotolewa kipigwe picha kikiwa bado kimefungwa, kisha kiingie kwenye mfuko wenye jina. Wala usitupe kipuri cha zamani hadi kipya kimefungwa na kimefanya kazi. Vipuri vipya vya magari ya zamani havikai sawasawa kila mara, na cha zamani ndicho pekee kinachoonyesha tundu lilipaswa kuwa wapi.

Hatua ya 2: pima kabla ya kugusa

Gari la paa la chuma ni kama boksi lenye kifuniko. Toa kifuniko, na boksi linaanza kupinda ukilishika pembeni. Waundaji walilijua hilo, wakazihamishia nguvu chini: kwenye sakafu, kwenye mtaro wa katikati unaopitisha shafti, na zaidi ya yote kwenye vizingiti, yaani yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kwenye MGB kizingiti ni tabaka: bati la ndani, la katikati, la nje, na reli inayokaa chini yake. La nje linaweza kung'aa rangi mpya huku ya ndani yakiwa yamebaki unga.

Chukua daftari, fanya majaribio manne. La kwanza, pima kwa milimita pengo kati ya mlango na nguzo ya kitasa, juu na chini, pande zote mbili, uandike. Pengo likiwa jembamba juu kuliko chini, gari limeanza kulegea katikati kama kitanda cha kamba. La pili, weka jeki mahali pake pembeni mwa gari, nyanyua kidogo, kisha fungua na ufunge mlango. Ukigoma, au pengo likibadilika ukiliona kwa macho, vizingiti havifanyi kazi tena. La tatu, funga sumaku kwa kitambaa chembamba uipitishe chini ya milango na kwenye matao ya matairi. Pasiposhika pana puti badala ya chuma. La nne, inua mazulia na uichokoe sakafu kwa bisibisi bila huruma.

Mficha uchi hazai. Nimewaona watu wanaopitisha bisibisi kwa upole kwa sababu wanaogopa jibu, halafu jibu linawajia miaka miwili baadaye likiwa limepakwa rangi ya bei mbaya.

Majibu yakiwa mazuri, ruka hatua inayofuata. Yakiwa mabaya, endelea nayo. Yakiwa mabaya kila mahali, usishone kiraka juu ya kiraka. Bodi mpya kabisa za MGB zimekuwa zikitengenezwa na British Motor Heritage tangu 1988, kwa kutumia vyombo vya kiwandani vya awali. Magari mengi hayana bahati hiyo, na hapo ni nafuu kutafuta gari la pili lenye bodi nzima, injini ikiwa imekufa, kuliko kujenga bodi upya kutoka kwenye vumbi.

Hatua ya 3: vizingiti

Hapa ndipo gari la wazi linapookolewa au kuharibiwa moja kwa moja, na ndipo nitakapokaa kidogo. Kama hujui kuchomelea, mpe fundi anayejua, lakini maandalizi yafanye mwenyewe na usimame umwone.

Toa tangi la petroli kabisa. Kulimwaga hakutoshi, maana kinacholipuka ni mvuke. Ondoa betri, chomoa waya za altaneta, toa mazulia na chochote kinachoshika moto, weka kizima moto karibu. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Joto la moto ule hugeuza mabaki yake kuwa fosjini, gesi ileile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Moto ukizimwa, kaa hapo saa nzima. Cheche iliyojificha kwenye sifongo ya kiti haina haraka.

Sasa mkao. Gari lisininginie hewani. Liegemee pale ambapo uzito hukaa likiwa barabarani, yaani chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya springi za mbele, na liwe sawa kwa pimamaji mbele, nyuma na pembeni. Kisha chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kwenye uwazi wa kila mlango, na jingine la kukatiza kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Ndipo ukate, na ukate upande mmoja tu. Wa pili usiguswe hadi wa kwanza umekamilika, tabaka zote.

Bati jipya lishikizwe kwa nukta chache za kuchomelea, urudishe mlango, ufunge, upime pengo. Likiwa sawa ongeza nukta, ukiruka kutoka ncha hadi ncha ili joto lisikusanyike sehemu moja na kulikunja bati. Pima tena. Ndiyo, kila mara. Fundi wangu wa kwanza, mtu hodari kwa mambo mengine, aliona mabomba hayo ni uoga wa mzee. Alipomaliza, mlango wa kushoto ulikataa kufunga kwa milimita nane. Tulikata tena kazi yake yote.

Sehemu zinazokutana bati kwa bati zipakwe rangi ya zinki inayostahimili kuchomelewa, na kazi ikipoa unyunyizie nta ya kuzuia kutu ndani kwa mrija mrefu. Matundu madogo chini ya kizingiti na chini ya milango ni njia za maji, yazibue. Watu huyaziba wakidhani ni kasoro, kisha wanajiuliza kutu imetoka wapi.

Hatua ya 4: breki kabla ya injini

Wengi huwasha injini kwanza, kwa utamu wa kuisikia. Nakuelewa, ila gari likishawaka utataka kuliendesha, hata mita hamsini tu, na mita hamsini zinatosha kufika ukutani.

Vitambaa vya breki na klachi vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Usivipulizie kwa upepo wa kompresa. Lowesha, futa kwa kitambaa chenye maji, funga kitambaa kwenye mfuko, vaa barakoa inayofaa kwa vumbi hilo.

Mafuta ya breki yaliyolala miaka mingi yana maji ndani yake, kwa sababu aina za kawaida hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya, daraja mojawapo la mafuta hayo, inatakiwa ichemke ikifika nyuzi 230 za selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu hiyo ndiyo tofauti kati ya pedeli ngumu na pedeli inayozama. Mwaga yote, na kuanzia hapo badilisha kila baada ya miaka miwili. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haiivani nayo.

Mipira ya breki, ile mirija laini inayofika magurudumuni, badilisha yote bila kuikagua. Kwa nje huonekana mizima. Ndani imevimba, ikaziba kama vali: inaruhusu mafuta kwenda gurudumuni na kuyazuia kurudi, na breki inabaki imeshika. Mabomba ya chuma badilisha kwa ya aloi ya shaba na nikeli, hayashiki kutu na yanapindika kirahisi kwa mikono isiyo na nguvu za zamani.

Na hapa ndipo usasa wa kwanza unapoingia. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana silinda kuu ya njia moja: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanapoteza breki kwa pamoja. Silinda ya njia mbili inakuachia angalau magurudumu mawili. Kama kuna inayoingia kwenye gari lako, ifunge kabla hujanunua kitu chochote kinachong'aa. Sevo, kile kikombe kinachousaidia mguu kwa mvuto wa injini, ni nyongeza nzuri kwa goti linalouma. Hakifanyi breki mbovu kuwa nzima.

Tazama pia matairi. Ubavuni kuna alama inayoanza na herufi DOT, na tarakimu zake nne za mwisho ndizo tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama mwisho wake ni tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000. Lenye zaidi ya miaka kumi litoe hata kama kashata zake ni mpya. Mpira huzeeka umesimama.

Hatua ya 5: kuiamsha injini

Usizungushe ufunguo. Toa plagi, mwagia kila silinda kijiko cha oili nyepesi, subiri siku kadhaa. Kisha weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono, taratibu. Ikigoma, ongeza oili na siku, usiongeze bomba la kurefushia spana. Ikizunguka mizunguko miwili mizima bila kugonga, mwaga oili ya zamani, badilisha chujio, weka mpya. Kwa injini ya enzi hizo chagua oili yenye zinki ya kutosha, iliyoandikwa kuwa ni ya magari ya zamani. Oili nyingi za leo zimepunguzwa zinki, na kemushafti yako inaihitaji.

Petroli ya zamani inanuka kama vanishi, na kweli imegeuka vanishi. Tangi lioshwe au libadilishwe, kabureta ifunguliwe na kusafishwa, mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa ile inayovumilia ethanoli, kwa kuwa petroli nyingi za sasa zina ethanoli na mpira wa zamani unalainika nayo mpaka unavuja juu ya ekzosi ya moto. Kabureta za SU zina kikombe kidogo cha oili juu. Kikiwa kikavu gari litasitasita kila ukikanyaga, na utaishia kulaumu taimingi bure.

Suala la madini ya risasi kwenye petroli huwatia watu hofu kupita kiasi. Petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani imekwisha duniani. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza, mwaka 2021. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya vali za ekzosi, yaani mahali vali hukaa zikijifunga, na bila hiyo viti laini huliwa polepole, hasa ukiendesha kwa kasi muda mrefu. Usifungue silinda hedi kwa ajili ya hilo tu. Siku itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, weka viti vigumu. Hadi hapo, kagua nafasi za vali. Zikiendelea kupungua kila mara, viti vinaliwa.

Pima mgandamizo wa silinda zote plagi zikiwa nje na kabureta ikiwa wazi kabisa. Namba yenyewe si muhimu kama usawa: tofauti ya zaidi ya asilimia 15 hivi ni habari. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku vali au gasketi. Injini yangu ilikuwa na silinda moja hafifu. Nilishauriwa kufanya ovaholi, nikakataa, nikaiendesha kilomita mia mbili, ringi zikaachia zenyewe. Huenda nilikuwa na bahati, lakini injini iliyolala inastahili kusikilizwa kabla ya kupasuliwa.

Hatua ya 6: umeme

Ukiniuliza gari la zamani linahitaji usasa wapi, nitasema hapa, na mtu asiyejua asiuone.

Kwanza jua betri yako imefungwaje. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana nguzo ya chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi badala ya hasi. MGB ilibadilishwa 1967. Vifaa vingi vya kisasa vinategemea hasi iwe kwenye bodi, kwa hiyo geuza. Badilisha vichwa vya waya za betri, kwa sababu nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, badilishana waya mbili za koili, na kama unabaki na dainamo, ile jenereta ya zamani ya kuchaji betri, igeuze kwa kuigusisha nukta yake iliyoandikwa F na waya kutoka upande wa betri usio wa bodi, mguso mmoja wa haraka. Geji ya mizunguko ya injini ya kielektroniki inahitaji kurekebishwa ndani, la sivyo itakufa. Bandika karatasi kwenye boneti kwamba gari ni hasi kwenye bodi. Fundi wa kesho atakushukuru.

Dainamo ya MGB za mwanzo ilitoa ampea 22 ikiwa na nguvu zake zote, na injini ikiunguruma chini kwenye foleni haikutoa karibu chochote. Altaneta hutoa zaidi na huanza mapema. Bila hiyo usiwaze feni ya umeme wala chaja ya simu. Ukiifunga, waya mnene unaorudi kwenye betri nao uongezwe unene. Huu ndio mstari watu huuruka, halafu waya unayeyuka.

Taa za mbele zifungie relei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme. Waundaji waliupitisha umeme wote wa taa ndani ya swichi ya dashibodi, na swichi iliyochakaa hula volti njiani. Balbu ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa relei mbili, waya mnene na fyuzi, swichi hubeba umeme mdogo tu wa kuamuru, na balbu zilezile za zamani zinang'aa kama mpya. Jaribu hilo kabla ya kukimbilia LED. Balbu ya LED ndani ya kioo kisichoundwa kwa ajili yake mara nyingi hutawanya mwanga kwenye macho ya wenzako, na kwingine hairuhusiwi. Taa za nyuma na za breki ni hadithi nyingine: LED humo zinakufanya uonekane, ila taa za kuashiria zitahitaji kifaa kipya cha kuwakisha na kuzima.

Pointi za distribyuta, vile viguso vinavyokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche, badilisha kwa kifaa cha kielektroniki kinachokaa chini ya kifuniko kilekile. Pengo la pointi halihitaji tena kurekebishwa. Hakikisha kinaendana na koili yako, kisha ziweke pointi na kondensa za zamani kwenye kijisanduku cha dashibodi, maana pointi zikifa hufa kwa kukuonya, na kifaa cha kielektroniki hukata kama taa.

Nyaya zilizofungwa vitambaa na kukatika ukizikunja usizishone. Nunua shada zima jipya, lililopangwa kwa rangi zilezile za kiwandani, na uongeze sanduku la fyuzi. MGB za mwanzo zilikuwa na fyuzi mbili kwa gari zima. Mbili!

Hatua ya 7: usasa mwingine, na mahali pa kuacha

Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hiki kinaweza kutolewa kesho na gari likarudi lilivyokuwa, bila tundu jipya? Giaboksi ya gia tano inapita mtihani huo kwa magari mengi. Wenye MGB hutumia ya Ford Type 9 au ya Mazda MX-5, na injini inatulia kwenye mwendo mrefu. Mota ya umeme ya kusaidia usukani, iliyofichwa chini ya dashibodi, nayo inapita, na mabega yako yatajua sababu. Redio ya kisasa iliyofichwa kwenye kijisanduku, ile ya zamani ikibaki kama pambo, inapita.

Mikanda ya viti haina mjadala. Mkanda wa nukta tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na gari lako huenda lilitoka bila huo. Tafuta kwanza matundu yenye nyuzi yaliyoachwa na kiwanda. Kama hayapo, bolti ziingie kwenye chuma kizima chenye bati nene la kutawanyia nguvu nyuma yake. Mkanda uliofungwa kwenye bati lililooza ni uwongo uliofungwa kifuani.

Kugeuza gari lote kuwa la betri naliheshimu kama ufundi, lakini kwa gari la wazi la zamani silipendekezi kwa mstaafu anayefanya peke yake. Uzito unahama, breki na springi zote zinahesabiwa upya, na volti zake zinaua bila cheche. Kama injini yako ipo na inafufuka, iache iishi.

Hatua ya 8: rangi

Kupiga msasa ni kazi yako, kupuliza rangi si yako. Rangi za kisasa za mchanganyiko wa vitu viwili zina isosianati, ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Anayepuliza anatakiwa avute hewa kutoka kwenye mrija wa nje. Rangi ya zamani unayoiondoa inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo tumia msasa wa maji badala ya kupeperusha vumbi. Peleka gari kwenye chumba cha rangi likiwa tayari linatembea kwa nguvu zake lenyewe.

Hatua ya 9: paa

Paa hufungwa mwisho, baada ya milango, vioo na mipira ya kuzuia maji kukaa mahali pake, kwa sababu linafuata vitu hivyo. Anza na fremu bila kitambaa: ifungue na kuikunja mara kadhaa, kaza bawaba, nyoosha vyuma vilivyopinda, hakikisha upau wa mbele unakaa sawa juu ya kioo.

Vinaili ni nafuu na inasafishika. Kitambaa cha moheri hukaa vizuri zaidi na hakikunjamani haraka. Vyovyote utakavyochagua, tandika juani saa moja au mbili kwanza. Vinaili baridi haivutiki, na ukiivuta kwa nguvu itapasuka kwenye mshono. Weka alama ya katikati kwenye kitambaa na kwenye upau, anza kubana katikati ukielekea pembeni, vuta makunyanzi yatoke bila kulifanya paa kuwa ngozi ya ngoma. Kisha liache limefungwa siku kadhaa kabla ya kulikunja mara ya kwanza. Dirisha la plastiki la nyuma, kama lina zipu, lifungue kila mara kabla ya kukunja. Kukunjwa pamoja na paa ndiko kunakolipasua. Na paa lililolowa usilikunje, litaota ukungu.

Hatua ya 10: kilomita za kwanza

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka karibu, mchana, ukiwa na kizima moto, maji, mkanda wa feni, fyuzi na zile pointi za zamani. Baada ya kilomita tano simama, sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. La kushoto na la kulia yafanane joto. Lililo moto kuliko mwenzake lina breki inayoshika. Inama uone kama kuna tone. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu. Kwenye kilomita 500 badilisha oili, uikague kama ina chembe za chuma.

Kisha chukua lile daftari la mwanzo upime tena mapengo ya milango, juu na chini, pande zote. Yangu yalikuwa yamehama nusu milimita upande wa kulia. Nilipima tena baada ya kilomita nyingine 500, yakawa palepale, ndipo nikaagiza mazulia.